Bahasha ya Nne

Mpwa wangu alipopewa ruhusa ya kutoka hospitali, alikabidhiwa bahasha tatu ndogo za vidonge, kadi ya kliniki na tarehe ya kurudi: wiki nne mbele. Alikuwa na miaka 19. Ndani ya basi, dada yangu alizigeuza bahasha zile moja moja akizisoma. 1 x 2. 1 x 1 usiku. Hapakuandikwa afanye nini mwanawe akilala hadi saa saba mchana, au jirani akichungulia uani na kuuliza, “Yule wenu keshapona?”

Siku chache baadaye mkono wa kijana ulianza kutetemeka, uji ukawa unamwagika kabla haujafika mdomoni. Haloperidoli, dawa ya akili iliyokuwamo bahashani, huleta hali hiyo kwa wengi, na ina tiba yake. Dada hakujua. Alidhani dawa inammaliza mtoto, akawa anampunguzia kimyakimya. Wiki ya sita tulikuwa wodini tena.

Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 18. Maana yake kijana anaugua hajamaliza shule, hajashika ufundi. Akitoka wodini pa kurudi ni kwa mama tu. Zamani palikuwa na fikra ya kuweka kituo njiani: kijiji cha Hombolo, nje ya Dodoma, ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kufuga kabla ya kurudi kwao. Fikra nzuri, ingawa sijui jembe lingemfaa vipi kijana wa Manzese anayejua kufungua simu na kuifunga.

Mimi navutiwa zaidi na KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, mpango uliofanyiwa utafiti Dar es Salaam na Mbeya. Mgonjwa huja na ndugu yake, wakakaa na familia nyingine, wakajifunza ugonjwa na dawa, wakasaidiana kutatua ya nyumbani. Ndugu si msindikizaji wa kungoja kwenye benchi.

Ruhusa ya pili ilipotoka, dada aliingia na daftari la mwanawe la shule, maswali kayapanga kwa kalamu nyekundu.

“Na mkono, baba?” alimuuliza daktari kijana.

Daktari akamtazama mpwa wangu, akamwambia anyooshe vidole. Kisha akaandika bahasha ya nne.