Jicho linaonekana zima, lakini halioni

Umeamka na jicho moja linauma kila ukilizungusha. Unasema ni simu uliyokesha nayo. Kesho yake kuna kama moshi mbele yako, na siku ya tatu jicho hilo halisomi hata meseji. Ukijitazama kwenye kioo, liko sawa tu. Si jekundu, halijavimba.

Hapo wengi wetu hukimbilia matone ya duka la dawa ama miwani mpya. Noma ni kwamba shida iko nyuma ya jicho, kwenye neva inayopeleka picha kwa ubongo. Neva hiyo ikivimba, picha haifiki vizuri. TV ni nzima, waya wa antena ndio una shida.

Na usidhani ni mambo ya wazee. Huwapata sana watu wa miaka 20 hadi 40, wanawake kuliko wanaume.

Chukua kifuniko chekundu cha soda. Kitazame kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Jicho lenye shida mara nyingi huona wekundu umepauka, kama tisheti iliyofuliwa mara mia. Lakini hata rangi ikiwa sawa, bora jicho limeanza kufifia, muone daktari wa macho siku hiyo hiyo. Mwambie pia dawa unazotumia, hasa za TB, kwani ethambutoli nayo inaweza kuidhuru neva hiyo.

Poa ni kwamba wengi huanza kuona tena baada ya wiki chache. Steroidi za kudungwa kwenye mshipa huharakisha kupona. Ila usijinunulie tembe: utafiti wa Marekani uliochapishwa 1992 ulionyesha kuwa waliopewa tembe za prednisoni pekee walirudiwa na shida hiyo mara nyingi kuliko waliopewa tembe zisizo na dawa.

Jicho likirudi, usipotee kliniki. Wakati mwingine hii huwa dalili ya kwanza ya MS, ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Wagonjwa wa utafiti huo walipofuatiliwa kwa miaka 15, nusu walikuwa wameupata. Kwa wale ambao picha ya MRI ya ubongo ilikuwa safi mwanzoni, ni robo tu. Kwa hivyo muulize daktari kuhusu picha hiyo, hata kama sasa unaona fiti.