KABLA YA VIDONGE, ULIZA

Wilaya ya Kilosa ina Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na wafugaji wa Kimaasai. Mikumi, iliyo kwenye barabara kuu iendayo Zambia, huongeza wapita njia wa kila kabila. Mgonjwa wa akili akifika zahanati hukutana na mganga aliyesomea dalili darasani. Lugha ya mgonjwa je?

Katika zahanati moja ya huko nilimwona mama wa Kimaasai akihojiwa kupitia kwa mwanawe. Mama alieleza kwa kirefu, kijana akatafsiri kwa maneno mawili: "Hana usingizi." Ni yapi ambayo mama hakuweza kuyatamka mbele ya mwanawe? Mganga hakuuliza. Akatoa vidonge.

Funzo lipo mkoani humu humu Morogoro. Huko Mahenge, miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alitibu wagonjwa wa kifafa. Wengi walikuwa na makovu ya moto: walipoangukia mekoni, watu waliogopa kuwagusa wakidhani mate yao yanaambukiza. Daktari hakuwacheka. Aliuliza watu wanaamini nini, akawapa dawa, na wengi wakapata nafuu.

Basi waganga na wauguzi wetu wafundishwe mambo matatu: kutafuta mkalimani asiye ndugu wa mgonjwa, kumuuliza mgonjwa maradhi yake anayaitaje na anadhani yametokana na nini, na kutomkaripia aliyeanzia kwa mganga wa kienyeji. Aliyekaripiwa leo, kesho harudi, na dawa hubaki kabatini.