NILIPOKUWA MTALII: SAFARI YA ANDORRA

Sisi wana wa Malindi mtalii tunamjua. Tangu utotoni tunamwona akipita na kamera yake na kofia pana, nasi tunamuuzia madafu na vinyago, au tunamtandikia kitanda kama afanyavyo mama yangu katika hoteli moja ya ufuoni. Lakini je, umewahi kuwa mtalii wewe mwenyewe? Mimi nimewahi, kwa siku mbili tu, na nchi niliyoizuru ni ndogo hata mwalimu wetu wa Jiografia aliitafuta ramanini kwa ncha ya kalamu. Inaitwa Andorra. Imekaa katikati ya milima ya Pyrenees, baina ya Ufaransa na Uhispania.

Mjomba wangu anafanya kazi Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Likizo ya Disemba iliyopita alinialika, nauli akalipa yeye. Tulipokuwa tukijaza fomu ya viza, mama alitaka kuweka alama pale penye "kuingia mara moja", kwa kuwa safari ni moja. Bahati nzuri mjomba alikuwa kwenye simu. "Wee dada, ngoja kwanza!" akapiga kelele. "Weka mara mbili!"

Hapa naomba nieleze, maana huenda siku moja nawe ukapata mjomba kama wangu. Andorra haimo katika zile nchi za Schengen, ambazo viza moja hukupitisha zote. Tena haina uwanja wa ndege wala reli, kwa hiyo wageni huingia kwa barabara, ama kutoka Ufaransa ama Uhispania. Sasa basi, ukiingia Andorra umekwisha kutoka Schengen. Ukirudi Ufaransa unahesabiwa kwamba umeingia mara ya pili. Mwenye viza ya mara moja anaweza kuzuiliwa kule mlimani, na ndege ya kumrudisha nyumbani iondoke bila yeye. Yote hayo kwa sababu ya alama moja ya kalamu!

Tuliondoka Toulouse alfajiri. Baada ya mji wa Ax-les-Thermes barabara ilianza kupanda kwa kona kona, na theluji ikatanda pande zote. Mjomba akasimamisha gari akafunga minyororo kwenye magurudumu, nami nikashuka nimsaidie. Ama kwa hakika sikuwahi kujua kuwa vidole vya mtu vinaweza kuuma kwa baridi kana kwamba vimechomwa moto. Mji wa mpakani, Pas de la Casa, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mbele yake kuna kipito cha Envalira, mita 2,408, kisha barabara inateremka hadi mji mkuu, Andorra la Vella. Mji huo una mita 1,023, na husifiwa kuwa ndio mji mkuu ulio juu kuliko yote ya Ulaya. Nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu Nairobi yetu inapita mita 1,600 na hatujigambi.

Nchi nzima ni kilomita za mraba 468. Kaunti ya Kilifi ingeimeza zaidi ya mara 20! Wakazi wake ni zaidi ya 80,000, na raia wenyewe hawafiki nusu yao. Lugha rasmi ni Kikatalani. Jambo lililonishangaza zaidi ni utawala. Mwaka 1278 Askofu wa Urgell na Mtemi wa Foix walipatana kuitawala pamoja. Haki ya yule mtemi ikarithiwa na wafalme wa Ufaransa, na baadaye na marais. Kwa hiyo hadi leo wakuu wa nchi ni wawili, askofu aliye Uhispania na Rais wa Ufaransa, ingawa tangu katiba ya 1993 madaraka hasa yako kwa bunge na serikali. Tulionyeshwa Casa de la Vall, nyumba ya mwaka 1580 ambamo bunge lilikuwa likikutana. Ndani mna kabati lenye kufuli saba, na kila moja ya tarafa saba za nchi ina ufunguo wake. Akikosekana mmoja, halifunguki.

Zamani watu wa huko walikuwa maskini, wafugaji wa kondoo na wakulima wa tumbaku, na wengine walivusha bidhaa za magendo usiku. Mchezo wa kuteleza thelujini ulipoanzishwa miaka ya 1950, watalii wakamiminika. Kodi ya mauzo ni asilimia 4.5 tu, ilhali ya Ufaransa ni 20 na yetu ni 16, ndiyo maana barabara kuu ni maduka matupu: manukato, sigara, simu. Mimi nilinunua chupa moja ndogo ya manukato.

Jioni, mkahawani, mjomba alizungumza Kihispania na dada aliyetuhudumia. Alikuwa ametoka Argentina kufanya kazi msimu wa theluji. Alisema kodi za nyumba zimepanda mno, hivyo wanalala wanne chumba kimoja, na theluji ikichelewa kazi nazo huchelewa. Nikamkumbuka mama mwaka 2020, hoteli ilipofungwa kwa sababu ya korona, tukawa tunakula muhogo asubuhi na jioni. Nilidhani mambo hayo ni ya kwetu tu.

Wakati wa kurudi, askari wa Ufaransa alitusimamisha. Kwanza alikagua buti la gari, maana sigara mwisho ni 300 kwa mtu mzima. Kisha akaomba pasipoti yangu. Akaifunua polepole, ukurasa kwa ukurasa, moyo wangu ukinidunda. Akafika kwenye viza, akaweka kidole juu ya ile namba 02, akanitazama, akanirudishia.

Mama alinipokea Mombasa. Nilimpa manukato yake, akanusa, akacheka. Kisha akauliza, "Chumba ulicholala, uliwaachiaje?"

Nikamwambia nilitandika mwenyewe, na taulo sikuacha chini.