Uzi: Kukopa ili kujenga. Kisa cha Woking

Kila mjadala wa kaunti na madeni ukianza, kuna mtu atasema ati Uingereza hukopa na kila kitu huenda sawa. Haya, twende Woking.

Ni mji wa watu laki moja hivi, kusini-magharibi mwa London. Wengi hupanda treni asubuhi, kama nusu saa wako Waterloo kazini. Baraza la mji likataka katikati ya mji pachangamke. Likakopa serikali kuu kwa riba nafuu, likajenga maghorofa, maduka, hata hoteli. Kodi za wapangaji ndizo zingelipa deni.

Hazikutosha. Juni 2023 baraza lilikiri bajeti imeshindikana: pengo pauni bilioni 1.2, na pesa zake za matumizi kwa mwaka ni milioni 16 tu. Hata mwenye kibanda hakopi hivyo, jameni.

2024 sehemu ya baraza katika kodi ya wakazi ikapanda karibu asilimia 10, huduma zikapunguzwa.

Kwetu, Kifungu cha 212 cha Katiba kinataka serikali ya kitaifa idhamini mkopo na bunge la kaunti liidhinishe. Kwa hivyo MCA wako ana kura hapo. Muulize kama hesabu ya mapato ya mradi ameiona.