Deraya na Udongo wa Pangani

Gari la deraya, yaani gari la kijeshi lililofunikwa kwa mabamba ya chuma ili kuwakinga askari dhidi ya risasi na vipande vya mabomu, hupimwa kwanza kwa unene wa chuma chake, ingawa historia ya bonde la Mto Pangani yaonyesha kuwa udongo nao hutoa hukumu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walileta Afrika Mashariki magari ya deraya ya Rolls-Royce, yenye uzito wa tani nne hivi na bombomu moja, yaani bunduki ya rashasha, ndani ya mnara unaozunguka. Magari ya aina hiyo yalikuwa yamefaulu Trekkopjes, katika jangwa la Kusini-Magharibi mwa Afrika, mwezi Aprili 1915, kwa kuwa ardhi ya huko ilikuwa kavu na wazi. Huku kwetu mambo yalikuwa mengine: masika ya 1916 yaligeuza njia kuwa tope, na jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliposhuka kando ya Mto Pangani kuanzia Mei, vichaka vilibidi kufyekwa ili magurudumu yapite, huku mbung'o wakiua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo. Mji wa Pangani wenyewe ulitwaliwa kutoka baharini Julai mwaka huo.

Leo hatari kubwa hutoka chini. Kipimo cha nchi za NATO, kinachoitwa STANAG 4569, hupanga ulinzi kwa daraja, na katika daraja la pili gari hulipuliwa kwa kilo 6 za baruti chini ya gurudumu au chini ya tumbo lake, ndani mkiwa na sanamu zenye vihisio vinavyopima mshtuko unaofika miguuni na kwenye uti wa mgongo, maana chuma chaweza kubaki kizima huku askari akivunjika. Ndiyo sababu Casspir ya Afrika Kusini, ambayo askari wa Uganda waliitumia Somalia, ina tumbo lenye umbo la herufi V linalotupa mlipuko pembeni. Umbo hilo huokoa maisha, lakini huliinua gari juu, na gari refu zito hupinduka kwa urahisi kwenye ukingo wa barabara uliolika. Kila bamba linaloongezwa hudai injini yenye nguvu zaidi, mafuta mengi zaidi, na daraja au kivuko kinachoweza kuubeba uzito huo. Jambo hilo anayejua kivuko cha mto baina ya Pangani na Bweni hahitaji kufafanuliwa.

Suala la kuwakinga askari si la nadharia kwa Watanzania, kwani tarehe 7 Desemba 2017 zaidi ya walinda amani kumi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, huko Kongo, katika eneo la misitu na njia mbovu. Tanzania ina kituo chake cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi, na hapo ndipo mafundi wanapoweza kuuliza maswali ambayo muuzaji hayaulizi. Kabla ya gari lolote kukabidhiwa askari wa mstari wa mbele, na lipelekwe kwanza kwenye udongo kama wa Pangani, mwezi wa Aprili, likiwa na shehena kamili na askari wote ndani, kisha dereva na fundi wake ndio waandike ripoti.