Barua Kutoka Kisiwa cha Naru

Kaeni kitako, wanangu, niwasimulie habari ya shule iliyokosa wimbo.

Huko Japani, upande wa machweo, baharini mbele ya Nagasaki, kuna visiwa viitwavyo Goto. Kimojawapo ni Naru, kisiwa kidogo cha wavuvi, chenye vilima vya kijani na vighuba vingi. Daraja hakina. Anayekwenda hupanda chombo, na anayeondoka hupanda chombo.

Mwaka 1974 palikuwa na shule ya sekondari kisiwani hapo, lakini ilikuwa tawi tu. Shule mama ilikuwa kisiwa kingine, Fukue, ndani ya kuta za ngome ya zamani. Nanyi mjue kwamba Japani karibu kila shule ina wimbo wake. Watoto huuimba siku wanapopokelewa, na huuimba tena siku ya kuhitimu, wengine machozi yakiwalengalenga. Mara nyingi wimbo huo hutaja mlima wa kwao, mto wa kwao, bahari ya kwao. Watoto wa Naru hawakuwa na wimbo walioweza kuuita wao.

Jambo hilo lilimkaa moyoni mwanafunzi mmoja wa kike. Siku hizo kulikuwa na kipindi cha redio kilichoanza saa saba usiku, wazazi wakiwa wamelala fofofo. Vijana wa Japani nzima, wengi wao wakikesha na vitabu vya mitihani, walikisikiliza sauti ikiwa chini. Waliandika, na mtangazaji akawasomea, kama bibi na babu zenu walivyokuwa wakituma kadi za salamu redioni. Basi msichana yule naye akashika kalamu. Akaandika kwamba shule yao haina wimbo wake, akaomba mwimbaji Arai Yumi awatungie.

Kwa nini Yumi? Subirini niwaeleze, maana hapo ndipo penye kiini cha hadithi.

Zamani hizo, wimbo wa kupendwa Japani ulipita mikono mingi kabla ya kufika kwa msikilizaji. Mmoja aliandika maneno, mwingine alitunga muziki, wa tatu alipanga ala, kisha msichana mwenye sauti nzuri akaitwa aje kuimba. Alivaa alichovishwa, akaimba alichopewa. Mara nyingi hata maneno ya huzuni ya mwanamke yaliandikwa na mwanamume wa makamo aliyeketi mezani na sigara yake.

Miaka ya 1970 ilipoingia, wakatokea wasichana waliotaka kusema yao wenyewe. Walikaa kwenye piano, au wakapakata gitaa, wakaandika maneno, wakayatafutia sauti, wakayaimba.

Yumi alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1954 Hachioji, magharibi ya Tokyo, katika nyumba ya wauza vitambaa vya kimono. Alikulia kati ya majora ya hariri na rangi zake. Chuoni alisomea uchoraji, na mtu akizisikiliza nyimbo zake anatambua kwamba huyu ni mtu aliyezoea kutazama. Sauti yake hakuitetemesha kama waimbaji wengi wa wakati wake. Aliiacha inyooke, kama mtu anayezungumza nawe dirishani.

Mwaka 1973 alitoa albamu yake ya kwanza, Hikōki-gumo. Jina hilo ni ule mstari mweupe ambao ndege huuacha angani. Wimbo wenye jina hilo ulitokana na msiba. Alikuwa na mwenzake wa shule ya msingi, mvulana aliyeugua ugonjwa wa kudhoofika misuli, akafariki wakiwa wamefika sekondari. Yumi alikwenda mazikoni, akaona picha iliyowekwa mbele ya waombolezaji. Yeye alimkumbuka mtoto mdogo, lakini pichani palikuwa na kijana mkubwa, karibu mgeni kwake. Fikirini hapo, wanangu. Mwenzako amekua bila wewe kumwona, na siku unayomwona tena, hayupo. Kwa huzuni hiyo Yumi hakutunga kilio. Alitunga wimbo wa anga, na wa nafsi inayopaa.

Kama mmewahi kutazama katuni ya Kiki, yule mchawi mdogo anayeruka na ufagio akipeleka vifurushi, basi sauti ya Yumi mmekwisha kuisikia. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1989, na ndani yake mna nyimbo zake mbili za miaka ya 1970. Na Hikōki-gumo wenyewe ulirudi mwaka 2013, miaka 40 baada ya kutolewa, katika filamu ya Miyazaki Hayao kuhusu mbunifu wa ndege. Watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wimbo ulipotungwa, wakauimba.

Sasa turudi kisiwani. Ombi lilimfikia Yumi, msichana wa miaka 20 wakati huo, naye akalijibu kwa wimbo uitwao Hitomi o Tojite, yaani kufumba macho. Mwaka huohuo ukaingia katika albamu yake ya pili.

Na tazameni alivyofanya. Jina la shule hakulitaja, wala la kisiwa. Hakuwahimiza wanafunzi wasome kwa bidii. Alitunga habari ya mtu anayetaka kutoka na chombo upepo ukitulia, mkononi ana chupa yenye barua, ili rafiki aliyekwenda mbali asikie tena mawimbi ya kwao. Msichana aliandika barua kutoka kisiwani, na Yumi akamrudishia wimbo wa barua itokayo kisiwani. Alijua kwamba vijana wa mahali kama pale, wakishahitimu, wengi huvuka bahari kutafuta masomo na kazi. Wimbo wa kuwafaa ulikuwa ule watakaoweza kuondoka nao.

Haukufanywa wimbo rasmi wa shule. Uliimbwa kwa kuwa ulipendwa, na labda ndiyo sababu umedumu. Mwaka 1988 likasimamishwa jiwe shuleni hapo, maneno ya wimbo yamechongwa juu yake kwa mwandiko wa Yumi mwenyewe.

Msidhani Yumi alikuwa peke yake. Kaskazini kabisa, Hokkaido kwenye theluji nyingi, alikulia Nakajima Miyuki. Mwaka 1975, akiwa na miaka 23, alipanda jukwaani kwenye tamasha kubwa la nyimbo Tokyo na wimbo wake Jidai, maana yake zama. Siku hizo baba yake, daktari, alikuwa hospitalini baada ya kuvuja damu kwenye ubongo. Binti akaimba kwamba zama huzunguka, na majonzi ya leo siku moja yatasimuliwa kwa kicheko. Akatwaa tuzo kuu. Baba alifariki Januari iliyofuata.

Baadaye Miyuki naye akawa mtangazaji wa kipindi kilekile cha usiku wa manane, akisoma barua za vijana. Mwaka 1983 akatoa wimbo uitwao Fight!, na unaanza kwa barua: msichana anaeleza kwamba hapewi kazi kwa sababu masomo yake yaliishia shule ya kati. Miyuki anaimba hata juu ya mwandiko wake, namna herufi zilivyochongoka huku zikitetemeka. Mnaona jinsi alivyomsikiliza? Barua angeweza kuisoma yeyote. Yeye aliuona na mkono ulioiandika.

Ndiyo maana nyimbo za wanawake hawa hazijachuja. Walianza na kitu kidogo cha kweli: picha ya marehemu, mwandiko unaotetemeka, shule isiyo na wimbo. Hawakukikuza kuliko kilivyo. Walikitunza, na kila msikilizaji akakuta humo kitu chake.

Majira ya kuchipua, mwaka wa masomo unapokwisha, nendeni kwa mawazo hadi gatini pale Naru. Wahitimu wako sitahani, wadogo zao wako chini. Kati yao kuna tepe za karatasi za rangi nyingi, huyu ameshika ncha huku, yule ameshika ncha kule. Wimbo wa Yumi unaimbwa. Chombo kinang'oa nanga, karatasi zinanyooka, zinakaza, moja baada ya nyingine zinakatika na kuangukia majini. Tepe zote zikishakatika, wimbo ndio unaobaki, nao bado umeshikwa ncha zote mbili.