Njugu za Nachingwea na Mashine Zetu za Kukaushia



Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa shauri la kununua mashine za kukaushia karafuu, moja kwa kila tawi, zote kwa mara moja, kwa fedha za akiba ya chama. Shauri hilo nililiandika mimi kwa amri ya Kamati. Limepangwa kwa miaka mitatu, na kila mwezi umewekewa kazi yake. Baada ya kulimaliza nimeingiwa na shaka, nami naona si haki kuwa na shaka nikanyamaza.

Shaka hiyo ilinijia nilipokuwa nikisoma habari za Nachingwea. Huko bara, katika mkoa wa Lindi, ziko wilaya mbili jirani, Nachingwea na Ruangwa. Katika Ruangwa mna kata iitwayo Narung'ombe, ambako Julai 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikali. Lakini habari yetu si ya bunduki, ni ya njugu, ambazo wenzetu wa bara huziita karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Serikali yao ikatuma tume ndogo ikiongozwa na Bwana John Wakefield. Tume ikatazama nchi kwa wiki chache, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani kwa ndege. Wakarudi na hesabu iliyopendeza sana: ekari zaidi ya milioni 3 zifyekwe na kulimwa katika miaka sita, na fungu kubwa kuliko yote liwe katika Jimbo la Kusini, upande wa Nachingwea.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kwa kuwa reli ilikuwa karibu. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000. Hawakufikia hata 10,000. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, yakavunjika. Mizizi ya mibuyu haikukubali kung'oka, na kiangazi kilipoingia udongo ukawa mgumu kama saruji. Waliokuwa shambani waliyaona hayo kwa macho yao kabla ya mwaka kwisha. Ila hesabu ilikwisha kutangazwa London, na hesabu iliyokwisha kutangazwa ni nzito kuirudisha.

Nachingwea ndiko palipotegemewa zaidi, kwa kuwa mvua yake ni bora kuliko ya Kongwa. Bandari ikaanza kujengwa Mtwara, na reli kutoka pwani ikafika Nachingwea mwaka 1949. Vyote hivyo vilikuwa vya kubeba mavuno ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona bado. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule mkubwa, hasara ikiwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli ikafungwa mwaka 1962. Bandari imebaki, na leo yapakia korosho.

Lililonishika zaidi ni hili. Fedha zilipokwisha kupotea, ndipo Nachingwea ikafanywa mahali pa mashamba ya majaribio, kujua zao gani lastahili na kwa kilimo gani. Jambo la kwanza likaja mwisho!

Siku hizi kuna utaratibu wa kazi uitwao ajaili, maana yake wepesi wa kugeuka. Ulipata jina hilo Februari 2001, watu 17 wa kazi za kompyuta walipokutana Snowbird, huko Utah, Marekani. Msingi wake ni kufanya kipande kidogo cha kazi mpaka kimalizike, kumwonyesha yule atakayekitumia, kumsikiliza, kurekebisha, kisha kushika kipande kingine. Mvuvi atauliza kuna nini kipya hapo, na mimi sina jawabu la kumpa.

Hata upande ule ule wa kusini wamejifunza kwenda hatua kwa hatua. Mfumo wa stakabadhi ghalani kwa korosho ulianza Mtwara katika msimu wa 2007/2008, kisha ukapelekwa mikoa mingine, Lindi ikiwamo. Malalamiko hayakukosekana, hasa ya malipo kuchelewa na makato kuwa mengi. Lakini mnada wao haufanywi mara moja kwa mwaka. Katika msimu hurudiwa tena na tena, na mkulima akiona bei ya leo haimfai, ana nafasi ya kuikataa.

Turudi kwetu. Wazee watakumbuka yale maturubali tuliyonunua kwa matawi yote bila kujaribu hata moja. Karafuu zilitoka jasho chini, rangi ikapotea, na wengi wakarudi kwenye majamvi yao. Mimi ndiye niliyetia saini hati ya kununulia. Hakuna aliyemwuliza hata mama mmoja anayeanika uani kwake, ambaye angetuambia kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo naomba shauri langu mwenyewe lizuiwe. Tununue mashine moja tu, iwekwe katika tawi moja kwa msimu mmoja. Kila Ijumaa baada ya sala, wanaoitumia wakutane kwa robo saa waeleze mambo matatu: wamekausha pishi ngapi, kuni au mafuta kiasi gani yametumika, na nini kimewashinda. Karani ayaandike na kuyabandika ukutani, mabaya na mazuri pamoja. Karafuu za mashine na za jamvi zipelekwe kituoni katika magunia mbalimbali, tuone zinapewa daraja gani. Iwapo mashine haifai, tutakuwa tumepoteza bei ya moja.

Najua wako watakaosema tutachelewa, na kwamba mvua haingoji. Ni kweli, na baadhi ya matawi yatakaa msimu mzima bila kitu. Mwenyekiti hakubaliani nami katika hili, naye ameniruhusu kuandika.

Tawi litakalo kuwa la kwanza lilete jina ofisini kabla ya mkutano, pamoja na majina ya wanachama watano wanaoanika kwa mikono yao wenyewe.